Ugumu wa Mkono si Nguvu ya Breki

Mhadhara uliotolewa Shinyanga mbele ya mafundi baiskeli, walimu na wanafunzi wa ufundi

Fundi anayefunga kibanda siku ya kazi ili aje kusikiliza anatoa zaidi ya muda wake, kwa hiyo sitawachosha kwa mengi. Nimekuja na jambo moja: uhusiano kati ya mkono wa breki ulio kwenye usukani na kalipa inayobana diski kwenye gurudumu, hasa pale viwili hivyo vilipotoka kwenye baiskeli tofauti.

Mtu wa Shinyanga haelezwi baiskeli ni nini. Katika uwanda huu, kutoka Kishapu hadi Kahama, baiskeli imebeba pamba, maji, mkaa, wanafunzi na wagonjwa tangu enzi za babu zetu. Kwa miaka mingi ilikuwa ya umbo moja: Phoenix ya China, Avon au Hero ya India, Raleigh ya Uingereza, au Swala iliyoundwa hapa hapa nchini, na nyingi zilitumia breki za fito za chuma. Fito ile ilitoka kiwandani na urefu wake na pembe zake, mkono wake ukiwa umefungwa nayo, na haikumpa mtu nafasi ya kuchanganya. Leo hali ni nyingine. Zimeingia baiskeli za gia, mpya kutoka China na za mitumba kutoka Ulaya na Japani, na nyingi kati yake zina breki za diski zinazovutwa kwa waya. Mkono ukivunjika, fundi anafungua boksi lake la vipuri, anachukua mkono wowote unaoingia kwenye usukani, anapitisha waya, anakaza, anabana mara mbili, kisha anamwambia mteja kwamba kazi imekwisha.

Simlaumu fundi kwa kuchanganya. Bila kuchanganya, nusu ya baiskeli za mkoa huu zingekuwa zimelala uani. Ninalodai ni hili: mkono na kalipa ni kifaa kimoja kilichogawanywa na waya. Ukiviunganisha bila kupima, unaweza kupata breki iliyo imara mkononi na dhaifu barabarani. Na ile njia yetu ya kupima, yaani kubana mkono baiskeli ikiwa imesimama, haiwezi kuionyesha tofauti hiyo. Mara nyingi inaisifu breki mbovu na kuilaumu iliyo nzima. Nitalieleza dai hili kwa hoja tano, nijibu pingamizi nne ninazozitarajia, kisha nipendekeze la kufanya.

1. Breki haitoi nguvu bure

Wapo hapa waliowahi kufanya kazi kwenye maduara ya machimbo ya Nyarugusu au Mwime, nao wanaujua mtaimbo kuliko kitabu chochote cha fizikia. Ukiweka egemeo karibu na jiwe, jiwe zito linanyanyuka kwa nguvu ndogo, lakini linanyanyuka kidogo tu huku mikono yako ikishuka sana. Ukiliweka egemeo mbali na jiwe, jiwe linapanda haraka, ila sasa ni wewe unayetoka jasho. Hakuna mtaimbo unaokupa vyote viwili, nguvu nyingi na mwendo mwingi. Unachopata kwenye nguvu unakilipa kwa mwendo.

Mkono wa breki ni mtaimbo mdogo. Egemeo lake ni ile pini inayouzungukia, mzigo ni waya, na jitihada ni vidole. Tuchukue mfano wa hesabu. Vidole vinabana milimita 75 kutoka kwenye pini. Katika mkono wa kwanza, kichwa cha waya kimekaa milimita 25 kutoka kwenye pini hiyo. Katika mkono wa pili kimekaa milimita 37.5. Ukibana kwa nguvu ya kilo 10, mkono wa kwanza unauvuta waya kwa nguvu ya kilo 30, na wa pili kwa kilo 20. Lakini vidole vikisogea milimita 45, mkono wa kwanza unaleta waya milimita 15 tu, ilhali wa pili unaleta milimita 22 na nusu. Mmoja una nguvu, mwingine una mwendo. Zidisheni nguvu kwa mwendo kwa kila mkono, mtaona jibu ni lile lile. Na hapa tunazungumzia mikono miwili ambayo, kwa macho, mteja hawezi kuitofautisha.

2. Mikono iko ya aina mbili, na kalipa vilevile

Tofauti hii haikuletwa na ubaya wa viwanda. Breki za zamani za waya, zile zinazobana ringi kwa raba, zilihitaji waya kidogo, hivyo mikono yake ilivuta waya kidogo kwa nguvu nyingi. Mwaka 1996 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta breki yenye mikono miwili mirefu, mmoja kila upande wa tairi, iliyoitwa V-Brake. Kwa kuwa mikono ile ni mirefu, yenyewe tayari inaongeza nguvu, na kwa hiyo ilihitaji mkono wa usukani unaovuta waya mwingi zaidi. Tangu hapo dunia ya baiskeli ina mikono ya mvuto mfupi na mikono ya mvuto mrefu. Breki za diski za waya zilipoenea, watengenezaji walizirithi aina zote mbili. Avid waliuza kalipa yao ya BB7 kwa matoleo mawili, moja la baiskeli za milimani na jingine la baiskeli za mbio. TRP nao wana Spyke kwa mvuto mrefu na Spyre kwa mvuto mfupi. Ukiziweka mezani zinafanana kama ndugu. Kinachotofautiana ni wenzo uliomo: jinsi mkono mdogo wa kalipa na mfumo wa ndani unavyoubadilisha mwendo wa waya kuwa mbano wa pedi.

Namna ya kuutambua mkono ni rahisi. Chukua rula. Pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya tundu linaloshika kichwa cha waya. Kwa kawaida ikiwa chini ya milimita 30, mkono ni wa mvuto mfupi. Ikifika 30 na kuendelea, ni wa mvuto mrefu. Umbo la kichwa cha waya lisiwapoteze. Ni kweli kwamba nyaya za baiskeli za mbio zenye usukani uliopinda huwa na kichwa kama peasi, na za usukani ulionyooka huwa na kichwa kama pipa dogo. Lakini mikono ya usukani ulionyooka, mifupi na mirefu ya mvuto, yote hutumia pipa lile lile. Kwa hiyo kichwa cha waya kuingia vizuri hakuthibitishi chochote. (Naona mafundi wa safu ya nyuma wanatabasamu. Ndiyo, na ninyi mnaosaga kichwa kwa tupa mpaka kiingie, nawasema ninyi pia: tundu lilipokataa kichwa, huenda lilikuwa linawaonya.)

Kwa kalipa, kama ina jina na namba, namba hiyo ndiyo jibu. Zisizo na maandishi, ambazo ndizo nyingi kwenye maduka yetu, kwa kawaida zimeundwa kwa ajili ya baiskeli za gia za usukani ulionyooka, yaani mvuto mrefu. Lakini kalipa iliyotoka kwenye baiskeli ya mbio ya mtumba huwezi kuidhania hivyo. Iulize baiskeli ilikotoka, kama bado ipo: angalia mkono uliokuwa ukiivuta, uupime, ndipo utajua.

3. Makosa mawili, na dalili zake ni kinyume

Kosa la kwanza ni mkono wa mvuto mfupi kwenye kalipa ya mvuto mrefu. Hapa nguvu ni nyingi kupita kiasi, ila waya hautoshi. Kwa hesabu yetu, kalipa inapata theluthi mbili tu ya mwendo inaouhitaji. Mkono unazama, unakuwa laini kama tairi lenye pancha, na kama pedi hazijakaa karibu sana na diski, mkono unagonga usukani kabla breki haijashika vilivyo. Kosa hili linajitangaza lenyewe. Mteja anarudi siku hiyo hiyo kulalamika, na fundi analazimika kufanya jambo.

Kosa la pili ni mkono wa mvuto mrefu kwenye kalipa ya mvuto mfupi. Hapa waya ni mwingi kuliko kalipa inavyouhitaji. Vidole vikisogea kidogo tu, pedi tayari zimegusa diski, na kuanzia hapo mkono unakuwa mgumu kama jiwe. Lakini nguvu inayofika kwenye pedi ni theluthi mbili ya ile iliyokusudiwa. Tuigeuze hesabu iwe barabara. Tuseme breki iliyooanishwa vizuri inapunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Kutoka kilomita 20 kwa saa, baiskeli itasimama baada ya mita 5 na kidogo. Kwa theluthi mbili ya nguvu, vidole vikibana vile vile, itasimama baada ya karibu mita 7.7. Mita mbili na nusu zinazoongezeka zinatosha kuvuka ukingo wa barabara au kufika kwenye ubavu wa basi lililosimama ghafla kituoni. Na kosa hili mteja harudi kulilalamikia, kwa sababu mkononi analiona ni breki nzuri.

4. Mkono mgumu hudanganya

Hapa ndipo kiini cha mhadhara huu kilipo. Fundi akimaliza kufunga breki, hubana mkono. Ukiwa mgumu na haushuki sana, anasema imeshika. Ukinepa, anasema bado. Kipimo hiki kilikuwa na maana kwenye breki za fito, kwa sababu uwiano wa mkono na fito ulikwishawekwa na kiwanda; kilichobaki kupimwa kilikuwa ulegevu tu. Kwenye mchanganyiko wa mkono wa Phoenix mpya na kalipa ya baiskeli ya mtumba, uwiano wenyewe ndio usiojulikana, na ugumu hauwezi kutuambia uwiano.

Tufikiri vizuri ugumu huo unatoka wapi. Pedi zikishagusa diski haziwezi kuendelea mbele. Kinachosikika kwenye vidole kuanzia hapo ni upinzani wa mfumo mzima ukirudishwa kupitia wenzo. Wenzo ukiwa unakusaidia sana, upinzani huo unafika mkononi umepungua, na waya, kava lake na mwili wa kalipa vikinyooka kidogo, mkono unanepa. Wenzo ukikusaidia kidogo, upinzani unafika mzima, na mkono unaonekana umegonga ukuta. Kwa maneno mengine, breki ya waya iliyopangwa vizuri hunepa kidogo inapobanwa kwa nguvu, na kunepa huko ni dalili kwamba wenzo unafanya kazi. Mchimbaji aliyeweka egemeo mahali pabaya husikia mtaimbo ni mgumu pia, lakini hasemi kwamba mtaimbo ule una nguvu.

Sisemi kwamba kila mkono laini ni mzuri. Upo ulaini unaotokana na waya uliochakaa, na upo unaotokana na kava lisilofaa. Kava la breki limetengenezwa kwa bati lililozungushwa kama koili. Kava la gia limetengenezwa kwa nyaya nyembamba zilizolala sambamba, nalo halikukusudiwa kuhimili mkazo wa breki. Wapo wanaolitumia kwa sababu linaufanya mkono uwe mgumu zaidi. Huo ni mfano mwingine wa hila hiyo hiyo: tunasifu ugumu na tunaweka mahali pa breki kitu kinachoweza kupasuka siku mtu atakapobana kwa nguvu zote, yaani siku ambayo anaihitaji breki kuliko siku zote.

5. Mzigo, vilima na vumbi vya kwetu vinaongeza gharama ya kosa

Kuna nchi ambazo kosa la theluthi moja ya nguvu ni usumbufu tu, kwa kuwa baiskeli inabeba mtu mmoja kwenda ofisini. Kwetu baiskeli ni gari la mizigo. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 20, akienda kilomita 20 kwa saa, ana nishati ya mwendo ya takriban juli 1,400. Mfungie madumu manne ya maji ya lita 20, nishati hiyo inafika juli 2,600, karibu mara mbili. Aachie kwenye mteremko afike kilomita 30 kwa saa akiwa na maji yale, inakuwa karibu juli 5,900, zaidi ya mara nne ya mtu yule mtupu. Yote hiyo breki lazima iigeuze kuwa joto kwenye diski yenye kipenyo cha milimita 160 tu.

Tofauti ya maeneo nayo ina maana. Baiskeli inanunuliwa Shinyanga au Kahama, kwenye uwanda, mahali ambapo breki hafifu inaweza kuishi miaka bila kuonekana. Kisha inakwenda kufanya kazi Geita, kwenye vilima, ikisomba mifuko ya mawe kutoka duarani kwenda karasha, yaani mashine ya kusaga mawe. Mzigo ukiwa kwenye keria ya nyuma, uzito mwingi unakaa kwenye gurudumu la nyuma, hivyo breki ya nyuma inabeba kazi kubwa kuliko kwenye baiskeli tupu. Na breki ya nyuma ndiyo yenye waya mrefu zaidi, yenye kava refu zaidi la kubonyea, na kwa hiyo ndiyo inayoumia zaidi mwendo wa waya unapokuwa haba.

Halafu lipo vumbi. Sehemu kubwa ya mawe yanayosagwa kwenye makarasha yetu yana kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, juu ya chuma cha kawaida. Vumbi lake likiingia kati ya pedi na diski linasaga vyote viwili kama msasa. Diski mpya ya kawaida ina unene wa milimita 1.8, na Shimano wanaagiza itupwe ikifika 1.5, kwa hiyo tunacheza ndani ya sehemu tatu za kumi za milimita. Kalipa ya waya haijisogezi yenyewe pedi zinapolika. Kila chembe inayolika inaongeza mwendo ambao mkono unatakiwa kuuleta. Baiskeli yenye mkono wa mvuto mfupi kwenye kalipa ya mvuto mrefu ilikuwa imeshatumia akiba yote ya mwendo siku ilipotoka kibandani; baada ya wiki chache za vumbi la karasha, mkono unagusa usukani.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza litasema: mbona baiskeli hizi zinasimama? Zinasimama kweli, zikiwa tupu, kwenye uwanda, barabara ikiwa kavu, na mwendeshaji akiwa ameona hatari mapema. Breki haipimwi kwa siku nzuri. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kilichotolewa upya mwaka 2014 kwa sehemu kadhaa, kina sehemu nzima inayohusu njia za kupima breki, na baiskeli hupimwa ikiwa imekamilika, mkono na kalipa vikiwa pamoja. Ukibadilisha mkono, cheti cha kiwanda hakiisemei tena baiskeli yako. Kuanzia hapo fundi ndiye kiwanda.

Pingamizi la pili: waya ukilegea si unakazwa tu? Skrubu ya kukazia inabadilisha mahali ambapo mwendo unaanzia, haibadilishi uwiano. Ukikaza waya ili kuficha upungufu wa mvuto, unaufanya mkono mdogo wa kalipa uanze kazi ukiwa umeshazunguka nusu ya njia. Pedi zikilika kidogo, mkono huo unafika mwisho wa safari yake na haubani zaidi, hata ukivuta kwa mikono miwili. Njia sahihi ni kusogeza pedi kwa skrubu zake zenyewe mpaka zikaribie diski bila kuigusa, huku mkono wa kalipa ukiwa umerudi mwanzo kabisa, na kutumia skrubu ya waya kwa marekebisho madogo tu.

Pingamizi la tatu ni zito, nalo ni la bei: vipuri vinavyooana havipatikani, na vikipatikana ni ghali. Nalikubali kwa sehemu. Lakini tatizo mara nyingi liko kwenye mpangilio, kwa sababu mikono mizuri tayari imo kibandani. Fundi mwenye mikono kumi kwenye boksi ana mikono ya aina zote mbili humo humo. Kinachokosekana ni kuitenganisha kwa rula na kuiandika. Zaidi ya hapo, baadhi ya mikono ya Shimano ina swichi ndogo au nafasi mbili za kichwa cha waya, moja imeandikwa V na nyingine C au R. Mkono mmoja unaweza kuhudumia kalipa zote mbili kwa kugeuza tu. Nimewahi kusikia mtu akiuliza herufi zile ni za nini. Ni za hili. Na pale ambapo hakuna namna, kipo kifaa cha kapi ndogo kinachofungwa katikati ya waya na kuongeza mvuto wake. Ni suluhisho la mwisho, kwa kuwa kapi huongeza msuguano na hushika vumbi, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Pingamizi la nne huja na kicheko: mtu wa kwetu ana mkono wa jembe, kilo tano za ziada hazimshindi. Kweli, kwa mfano wetu breki iliyokosewa inataka kilo 15 badala ya 10, na wengi humu wanaweza kuzitoa. Lakini baiskeli hizi zinaendeshwa na mama anayetoka sokoni Katoro, na mwanafunzi wa darasa la sita ambaye vidole vyake havifiki vizuri kwenye mkono, na mzee. Hata mwenye nguvu, kwenye mteremko mrefu vidole vinachoka. Tunapanga breki kwa ajili ya mtu aliye dhaifu kuliko wote atakayeipanda baiskeli ile, na baiskeli za kwetu haziishi kwa mpandaji mmoja.

Na kwa anayesema basi turudi kwenye fito, namjibu kwa heshima. Fito zilikuwa na fadhila ya kutokubali kuchanganywa, na hilo ni somo. Lakini raba kwenye ringi ya chuma iliyong'arishwa, mvua ikinyesha, inashika vibaya sana. Diski haisumbuliwi na maji kiasi hicho. Faida ni ya kweli; ni juu yetu kuipata nzima badala ya theluthi mbili.

La kufanya kuanzia sasa

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa mapendekezo ambayo hayahitaji fedha za mfadhili.

Kwanza, rula iingie kwenye kila boksi la fundi pamoja na spana na bisibisi, na kila mkono unaotolewa kwenye baiskeli uandikwe kwa rangi milimita zake kabla haujatupwa kwenye boksi. Kazi hii ni ya dakika moja, na inageuza boksi la vyuma kuwa stoo ya vipuri.

Pili, tuache kutegemea mbano wa kibandani na tuwe na jaribio la mwendo. Tafuteni mteremko mdogo usio na magari. Chora alama mbili. Telemka kutoka alama ya kwanza bila kukanyaga pedali, na mzigo wa kawaida ukiwa kwenye keria, na ukifika alama ya pili bana breki. Pima umbali hadi baiskeli iliposimama. Jaribu breki moja moja, ya nyuma kwanza. Fundi akifanya hivi kwa baiskeli chache tu nzima, atajua umbali wa haki ni upi kwenye mteremko wake, na baiskeli itakayopita umbali huo sana itakuwa imejieleza yenyewe, hata kama mkono wake ni mgumu namna gani. Na kabla hamjaanza jaribio hilo, muulizeni mpandaji mkono upi ni wa mbele: mitumba ya Uingereza na Japani kwa kawaida ina breki ya mbele kulia, ile ya Ulaya bara ina breki ya mbele kushoto.

Tatu, somo la wenzo tayari linafundishwa shuleni kwa mtaimbo, mkasi na toroli. Naomba walimu waliopo waongeze mkono wa breki wa baiskeli iliyoegeshwa nje ya darasa. Na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili kulea stadi za namna hii, ina kila sababu ya kumpa fundi baiskeli wa Kahama au Geita mafunzo mafupi yenye hesabu hizi, kwa Kiswahili, na vyuma vikiwa mezani.

Nne, tutengeneze jedwali letu. Kila fundi aliyepo aandike jina au alama ya kila mkono na kila kalipa vinavyopita mikononi mwake, milimita za mkono, na kama viwili hivyo vilifanya kazi vizuri pamoja kwenye jaribio la mteremko. Vilivyoko sokoni hapa havijaelezwa kwenye vitabu vya viwanda, na hakuna mtu wa ng'ambo atakayekuja kutuelezea. Mafundi wa Shinyanga, Kahama na Geita wakikusanya karatasi zao kwa msimu mmoja, kutoka masika hadi kiangazi, tutakuwa na orodha ya kubandika ukutani kwenye kila kibanda na kila duka la vipuri, na mteja ataweza kuuliza swali ambalo leo halijui: mkono huu na kalipa hii vinaoana?

Karatasi za kuanzia nimeziacha mezani kwa Mwenyekiti, zina safu nne tu. Sasa niko tayari kwa maswali yenu, hasa ya wale ambao hawakubaliani nami.